Ndoo Mstari wa Mbele

Mimi nikikasirika sipigi kelele, natafuta cha kufanya. Asubuhi ile, siku ya mkutano wa mheshimiwa mbunge wetu, nilipoona boza la maji linaingia sokoni kwetu, nilijua tunafanywa wajinga.

Nauza viazi kwenye soko dogo, nje kidogo ya Uyole. Katikati ya soko kuna simtanki na bomba ambalo mheshimiwa huyohuyo alikuja kulizindua. Alikata utepe, tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Wiki ya pili bomba nalo likakauka. Tangu hapo maji tunayafuata mtoni, na baridi hii ya kwetu mnaijua.

Viazi vyangu havidai maji. Aliyekuwa anaumia ni shoga yangu wa meza ya jirani, mama lishe, mjane, anayesomesha watoto kwa wali maharage. Afisa afya alishamwambia kwamba kama hana maji ya bomba ya kunawisha wateja, Ijumaa anafunga. Mkutano ulikuwa Alhamisi.

Boza likajaza simtanki, likaondoka. Mwenyekiti wa soko akatupitia akinong'ona, "Jamani, mtu asiguse bomba. Mgeni atalifungua mwenyewe, apigwe picha." Kisha akaenda zake kupanga viti.

Ebo! Maji yameletwa sokoni kwetu, halafu tusiguse?

"Lete ndoo," nikamwambia shoga yangu. Akasita. Ni mwoga huyo, ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi.

"Watatukamata."

"Kwa kosa gani? Kuchota maji?"

Nikapita meza kwa meza. Akaja wa ndizi, wa mchele wa Ubaruku, wa mitumba. Hatukuwa na bango wala kelele. Tulipanga foleni, tukachota kwa adabu huku tukiulizana habari za nyumbani. Mwenyekiti aliporudi alikuta tone la mwisho linadondokea kwenye beseni la bibi muuza magimbi. Alishika kiuno tu. King'ora cha msafara kilishaanza kusikika barabara kuu.

Tukafunika ndoo zetu, tukazikalia mstari wa mbele, kimya, kama wanakwaya wanaosubiri zamu yao.

Mheshimiwa akahutubia. Maendeleo haya, maendeleo yale. Alipofika kwenye maji akashuka jukwaani, wapiga picha nyuma yake, akafungua koki. Bomba likakohoa. Likatoa upepo, likanyamaza. Akazungusha tena, safari hii kwa mikono miwili. Nyuma yangu mtu akaangua kicheko, akajifanya anapiga chafya. Mimi nilikuwa nimeuma kitenge nisipasuke.

"Jamani, maji yako wapi?" akauliza.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulipanga kuchota, tukapanga na kukaa, lakini nani angejibu hatukupanga. Hata mimi mwenye mdomo wangu niliangalia chini.

Aliyeinuka ni yule mwoga. Akafunua ndoo yake, akajaza jagi, akachukua beseni, akaenda kupiga goti mbele ya mheshimiwa kama tunavyomnawisha mgeni kabla ya chakula.

"Karibu unawe, baba."

Mtu aliyelelewa huku hakatai kunawishwa. Akanyoosha mikono, kamera zote zikimtazama.

"Haya umeyatoa wapi, mama?"

"Bombani kwako, baba. Boza limeyaleta leo asubuhi kwa ajili yako. Kesho hayatakuwepo, na mimi kesho nafungiwa biashara kwa kukosa maji." Akamimina mpaka mwisho.

Mheshimiwa alisimama pale mikono ikichuruzika. Akamtazama afisa afya aliyekaa na wageni wa jukwaani. Afisa afya akatazama viatu vyake.

Ijumaa boza likarudi, na mpaka leo linakuja kila wiki. Bomba lenyewe tunaambiwa liko kwenye mchakato, haya. Afisa afya naye alikuja siku hiyo na daftari lake kwapani. Akanawa, akakaa, akaagiza wali maharage. Shoga yangu akampakulia, tena akamwongezea kipande cha parachichi, jambo lililoniudhi sana.

Nikamfuata jikoni nimgombeze. Nikamkuta ameinamia sufuria, machozi yanamtiririka.

"Ni moshi tu huu, shoga," akaniambia.

Anapikia gesi.