Haja za Bibi

Nilikuwa kidato cha tatu bibi yangu wa Rasbura alipokubali kujaribu kifaa cha wanawake wanaobanwa na mkojo kila mara. Alikifunga kwenye kifundo cha mguu, kikamtekenya kwa umeme mdogo nusu saa kila siku. Alikuwa ameacha kwenda maulidini, maana alichoka kuruka miguu ya wenzake akikimbilia chooni.

Hospitali walimpa daftari la kujaza. Macho yake ni hafifu, basi karani nikawa mimi. Nikamsomea kichwa cha ukurasa: "Haja za leo."

"Haja ya kwanza," akasema, "nikae maulidini mpaka dua ya mwisho."

Nilijua fika wanataka haja ndogo. Nikaandika hivyohivyo.

"Ya pili, wewe mke mwenzangu upunguze umbea."

Hiyo nayo nikaandika, kwa mwandiko mzuri.

Wiki iliyofuata nesi alisoma, akajifunika uso kwa daftari. "Bibi, tulitaka safari za chooni."

Bibi akanigeukia. "Ulijua?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ibilisi mkubwa."

Tukaanza upya, safari hii nikihesabu kwa adabu. Mwezi wa tatu wa kutumia kifaa, jirani akasoma maulidi, nikakaa na bibi mkekani. Alitoka mara moja tu. Dua ya mwisho ilimkuta ametulia, viganja juu, huku mimi nimebanwa vibaya na sithubutu kuinuka, maana ningechekwa mpaka Idi.