Keria Iliyokatwa Mitwero

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea pale Mitwero, jiko langu limetoboka, akaja kijana wa Rutamba anayetuletea mkaa kwa baiskeli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mbona leo huna mzigo?"

"Nakata keria. Nataka kuingia mashindano ya baiskeli ya kwenda Kilwa. Wamesema yenye keria hawaiandikishi."

Keria yenyewe ya nondo, imechomelewa kwenye fremu, ndiyo inayobeba magunia.

Fundi akamtania, "Ukishindwa, mkaa utabeba kichwani?"

"Mimi mlima naupanda na magunia mawili! Leo bila mzigo nitashindwa na nani?"

Cheche zikaruka, keria ikaanguka. Kijana akapuliza kovu la fremu kama anayempuliza mtoto kidonda.

Nikafuatana naye kwa waandikishaji, maana ndiyo njia yangu ya nyumbani. Bwana mmoja akaizunguka baiskeli, akainama.

"Gia ziko wapi?"

"Haina, mkuu. Jana mlisema keria tu."

"Jana hukuuliza gia. Bila gia hushindani."

Kijana akashika usukani kwa mikono miwili. "Sasa kesho mkaa nibebee nini?"

Yule bwana akacheka, akamtupia fulana mpya. "Chukua, uje utushangilie."

Tukatoka. Mimi kusoma sijui, nikamwuliza mgongoni mwa fulana kumeandikwa nini.

"Michezo kwa wote, bibi."

"Basi igeuze ndani nje, baba, ndipo uivae."