Alinifungia Nimwonyeshe Dhahabu

Ndugu zangu, mimi nimewahi kufungiwa kibandani kisa maji yanayong'aa.

Naitwa Samira, mzaliwa wa Mugumu. Nilikuwa Nyakunguru, kwenye machimbo ya dhahabu, na mradi wa utafiti, napima zebaki kwenye maji. Zebaki ndiyo ile wachimbaji wanakamatia dhahabu, halafu wanaichoma.

Kipimo chetu ni vichupa vyenye punje ndogo zisizoonekana kwa macho, wataalamu wanaziita nukta za kwanta. Ukizimulika kwa tochi ya zambarau zinang'aa kijani. Zebaki ikiwepo, inazivutia karibu na rangi nyekundu iliyomo humo humo kichupani, nazo zinairushia nguvu ya mwanga wao. Kijani kinafifia, nyekundu inawaka.

Sasa wewe mulika kitu kama hicho mbele ya wachimbaji uone!

"Huyu dada ana dawa ya kuona dhahabu!"

Habari ikasambaa mpaka kijiji cha Genkuru.

Mchana mmoja Matiko, mwenye shimo la dhahabu, akaniita nipime maji kwenye kibanda chake cha mabati. Tukaingia. Mdogo wake, Filemoni, akakomea mlango kwa nje.

Giza.

Matiko akaninyang'anya simu.

"Dada, hatuna ubaya na wewe. Pima haya, yametoka shimo langu jipya. Ukinionyesha dhahabu, unaenda zako."

"Kaka, hiki kinapima sumu."

"Ndivyo mlivyofundishwa kusema. Pima!"

Nje karasha lilikuwa linasaga mawe, linanguruma balaa. Hata ningepiga yowe, nani angesikia? Bati linachoma, vumbi limenikaba koo, na mlango ni ule ule mmoja.

Nikadondoshea maji kichupani. Nikamulika.

Kijani. Kikaanza kufa. Nyekundu ikapanda kama kaa la moto.

Matiko akapiga magoti. "Ndiyo yenyewe?"

Jamani! Neno moja tu, "ndiyo", na mlango unafunguka. Wachimbe wee, mimi niko zangu Mugumu. Neno lilishafika kwenye ulimi.

Lakini nikawaza, na kama kuna mtu anakunywa haya maji?

"Si dhahabu," nikasema. "Ni zebaki, tena nyingi. Anayeyanywa anajimaliza polepole. Mjamzito ndiyo usiseme."

Nikafumba macho, nasubiri kofi.

Halikuja.

"Hayajatoka shimoni," Matiko akasema, sauti imekauka. "Nilikutega. Ungesema dhahabu ningejua wewe tapeli, na hapa usingetoka salama. Nimeyachota nyumbani, kwenye mtungi wa Ghati."

Ghati ni mke wake. Ana mimba kubwa.

"Zebaki unachomea wapi?" nikamuuliza.

"Jikoni, pale pale penye mtungi. Naogopa wezi."

Akaanza kupiga bati kama kichaa. "Filemoni! Fungua, mura! Fungua!"

Mlango ulipofunguka alichomoka mbio, simu yangu bado mfukoni mwake. Bodaboda zilikuwepo pale, ningepanda nikapotea. Nikamfuata.

Tulimkuta Ghati amekaa mlangoni na kikombe, anakunywa.

Matiko akakipokonya, akamwaga, akakaa chini vumbini akalia. Mwanaume mzima. Ghati ananiangalia mimi: "Dada, kuna nini?"

Ilibidi nimwambie.

Siku hiyo hiyo wakaenda hospitali. Baadaye alijifungua mtoto wa kike. Ananyonya vizuri, ila madaktari bado wanamfuatilia, na hakuna anayethubutu kuahidi kitu. Jikoni kwao hapachomwi tena zebaki.

Wenzangu, ukibanwa useme anachopenda mtu kusikia, sema kweli hata kama mlango umekomewa. Uongo niliodhani utanitoa mle ndani ndio ungenimaliza, mimi na Ghati pia.