Mwalimu Anatoli na Nguzo za Sauti

Watu wa Lusahunga husema Mwalimu Anatoli Havyarimana ni mbishi. Mimi nasema amepita hapo, maana mbishi wa kawaida humwacha mwenzake akapumua. Nina steshenari kando ya barabara ya Rusumo, pale malori yanapopumzika, na mwaka huu kwa zaidi ya mwezi mzima mtu huyu alikuwa mlangoni kwangu kila asubuhi kabla sijamaliza kufuta vumbi kwenye mashine ya kopi.

Ngoja nimweleze vizuri. Ana miaka hamsini na mitano. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akiwa mgongoni. Analima mahindi na maharage kule Kaniha, lakini kabla ya hapo aliendesha mashine ya kusaga iliyo nyuma ya kanisa lao kwa miaka ishirini na mitatu, na miaka hiyohiyo yote alikuwa mwalimu wa kwaya. Kinanda hawana. Nyimbo anaziandika kwa do-re-mi kwenye daftari, na kabla ya kila wimbo anatoa noti nne kwa koo lake mwenyewe, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu wanayoiita tena, na besi, kila safu inachukua yake. Kisha mikono inapanda. Mimi ni Mkatoliki, si wa kanisa lake, lakini nimewahi kusimama nje ya dirisha lao na sufuria mkononi hadi mboga ikapoa.

Tatizo lake lilikuwa masikio. Mtu hawezi kusimama kando ya injini ya kusaga miaka yote hiyo akatoka salama. Mji mzima ulijua, yeye peke yake ndiye hakukubali. Ukimwamkia kutoka upande wa kulia anapita kama hakuna mtu, na ukimuuliza anasema alikuwa na mawazo. Mwezi wa nne, kwenye harusi, kwaya ilimaliza wimbo na yeye akaendelea kupunga mikono hewani mstari mzima, bibi harusi akimtazama. Watu walicheka. Wiki iliyofuata wazee wa kanisa walimwita wakamwambia kwa upole kwamba tamasha la kwaya la mwezi wa nane, kule Nyakanazi, ndilo litakaloamua. Likiharibika, atatafutwa mwalimu mwingine.

Siku aliyoambiwa hivyo alikuja kwangu kutoa kopi za wimbo mpya. Mimi nilikuwa nimeweka muziki kwenye kompyuta, na ile programu ya kupigia muziki ilikuwa inaonyesha rangi zake, zinazunguka na kupanuka kufuata ngoma. Mwalimu aliacha kuhesabu kopi zake. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Agness, hizi rangi zinafuata nini?"

"Zinafuata muziki, mwalimu."

"Besi iko wapi hapa?"

Nikamwambia rangi zile ni za kupendezesha tu, hazitenganishi besi na sauti ya kwanza. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mdomo uliponza kichwa, nikaongeza kwamba ipo plagini, programu ndogo unayoichomeka ndani ya ile kubwa, inayoonyesha nguzo: sauti nzito zinasimama kushoto, nyembamba kulia, na nguzo hupanda kadiri sauti inavyozidi.

"Iweke," akasema.

"Leo nina wateja."

"Nitasubiri." Akavuta stuli akakaa.

Siku ya kwanza nilimaliza bando langu kuipakua. Nikalifungua faili, nikalinakili kwenye folda ya plagini, nikazima programu na kuiwasha. Kwenye orodha ya plagini haikuwemo. Siku ya pili ndipo nikagundua kwamba programu yangu ni ya biti sitini na nne na ile plagini ilikuwa ya thelathini na mbili, yaani nilikuwa nafunga tairi la pikipiki kwenye lori. Nilipopakua nyingine, antivairasi, ile programu ya kuzuia virusi, iliimeza kabla sijaigusa. Nikachoka. Nikamwambia arudi shambani, hayo mambo hayana maana, naye akanijibu kwamba shamba limeshapaliliwa. Kwa hasira nikasema, sikio la kufa halisikii dawa. Nilipotambua nimemwambia nani maneno hayo nilitamani kuyameza. Yeye alikuwa anatazama kioo, na sijui kama aliyapata.

Siku ya tatu umeme haukuwepo, akaja vilevile. Siku ya nne niliitoa ile plagini mahali antivairasi ilipoifungia, nikaiweka kwenye folda yake, nikawasha programu, nikafungua ile orodha. Jina lilikuwemo. Nililibofya na nguzo zikasimama, nyingi, za kijani, zikipanda na kushuka. Mwalimu Anatoli alitoa kitambaa akafuta uso. Nilifurahi kuliko nilivyotaka aone.

Nikamweleza kwamba nguzo zinatokana na wimbo unaopigwa na programu, kwa hiyo lazima kwaya irekodiwe kwanza. Akaanza kurekodi mazoezi kwa simu, Jumatano na Jumamosi jioni, na kuniletea asubuhi yake. Kabla ya yote alirekodi kila safu ikiimba peke yake, akatazama nguzo zake zinasimama wapi, akabandika utepe wa karatasi chini ya kioo changu na kuandika kwa kalamu: besi, tena, ya pili, ya kwanza. Mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta. Nikaanza kumheshimu, ingawa utepe ule ulinikera kila nilipoandika barua za watu.

Matokeo yalikuja haraka. Rekodi ya kwanza ya kwaya nzima ilionyesha kushoto kabisa, penye besi, nguzo mbili zimesimama juu na hazishuki. Wengine wakinyamaza, zile zipo. Wengine wakipumua, zile zipo.

"Besi wananiharibia wimbo," mwalimu akasema.

Nami, mjuaji wa kompyuta, nikakubali. Nikamwonyesha hata kwa kidole. Tulikuwa tunasikiliza kwa spika mbili ndogo zilizokuja na kompyuta, malori yakinguruma mlangoni, na sote wawili tuliamini macho.

Jumatano akawakaripia besi. Jumamosi akawakaripia tena. Waliimba kwa sauti ya chini, kisha ya chini zaidi, na nguzo hazikushuka hata nukta. Wiki ya tatu Elick, kiongozi wa besi, mpakiaji mizigo mwenye kifua kama pipa, aliingia dukani kwangu bila kubisha hodi.

"Dada Agness, hicho kitu chako kinatuonea. Mimi sasa naimba kama mgonjwa. Mke wangu ameniuliza kama nimeacha kwaya."

"Mwambie mwalimu."

"Mwalimu anaambilika?"

Hakuwa anaambilika, lakini hakuwa mjinga. Jumamosi ile alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Aliwaamuru besi wafunge midomo kabisa, wimbo mzima, akarekodi. Jumapili baada ya ibada akaja, nikafungua duka kwa ajili yake tu. Nikapiga rekodi. Besi wote walikuwa wamenyamaza, na zile nguzo mbili zilikuwa zimesimama palepale.

Nikachukua hedifoni, zile kubwa za kufunika masikio, nikazichomeka, nikaongeza sauti. Ndipo nikasikia. Chini ya kwaya, mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na mngurumo mmoja usiopumua. Ilikuwa mashine ya kusaga. Siku zote za mazoezi inafanya kazi nyuma ya ukuta wa kanisa, na sisi wa Lusahunga tumeizoea hatuisikii tena hata kama ipo. Spika zangu ndogo hazikuwa na uwezo wa kuutoa mngurumo ule. Simu ilikuwa imeunasa wote.

Nilivua hedifoni polepole. Kumwambia mtu huyu, kati ya watu wote, kwamba ameshindwa kuitambua mashine ile. Nilitamani umeme ukatike.

"Ni mashine ya kusaga, mwalimu. Nguzo ni za mashine. Besi hawana kosa."

Alinyoosha mkono akaomba hedifoni. Akazivaa, akafumba macho, nami nikaongeza sauti hadi mwisho. Akakaa hivyo wimbo mzima. Alipozivua aliziweka mezani na kuuzungusha waya wake vizuri.

"Sisikii, Agness," akasema. "Kulia sisikii kabisa. Kushoto nasikia watu kama wako ndani ya gunia. Ni mwaka wa nne sasa."

Nilikuwa nimengoja aseme hivyo tangu mwezi wa nne, na aliposema sikufurahi. Nilimwambia pole. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua tayari.

"Mashine inazimwa Jumapili," akasema. "Leo jioni naita kwaya. Beba kompyuta yako uje."

"Mwalimu, hiyo ni kompyuta ya mezani."

"Nitaleta bodaboda mbili."

Zikaja mbili. Moja ilibeba boksi la kompyuta, nyingine ilinibeba mimi na kioo mapajani, utepe wake ukiwa bado umebandikwa. Kwaya ilikuwa imeshajipanga. Mzee Modestus, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa amesimama kwenye safu yake ya tena, maana naye ni mwimbaji. Mwalimu alianza kwa besi. Aliwaambia amewakaripia bure wiki tatu kwa sababu ya mashine, na akawaomba radhi mmoja mmoja kwa jina. Elick aliinamisha kichwa. Kisha wakaimba, nyuma ya ukuta kukiwa kimya, na besi wakaachia vifua vyao vyote. Nywele zilinisimama. Simu ilikuwa kwenye benchi la mbele, ikirekodi.

Nikaihamishia rekodi kwenye kompyuta, wakatuzunguka. Kwa kawaida mwalimu alikuwa ananiambia niruke mpaka wimbo uanze, tutazame kushoto tu. Safari hii alisema, "Anza mwanzo kabisa." Alitaka kuona noti zake mwenyewe.

Nguzo ya kwanza ikapanda, ikashuka. Ya pili, ya tatu, ya nne. Kila moja alikuwa anaihesabu kwa kidole. Halafu, kabla kwaya haijaanza, ikapanda nguzo nyingine, fupi, peke yake, upande wa sauti ya kwanza. Ikashuka, na kwaya ikaingia.

"Rudisha."

Nikarudisha. Nne, kisha ile fupi.

"Rudisha tena." Aliinama. "Hizi nne ni zangu. Hii ya tano ni ya nani?"

Watu arobaini wakatazama sakafu. Nami nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza, lakini nilianza kuelewa na nikatamani nisielewe.

"Ya kwanza yangu imesimama hapa," mwalimu akaendelea, akiweka ukucha kwenye kioo. "Hii ya tano haisimami hapa. Imepita kulia kidogo, yaani iko juu ya yangu. Na kwaya mmeingia na hii, hamkuingia na yangu." Akanyoosha mgongo. "Nani?"

"Ni mimi, mwalimu," akasema Kezia. Ni mama wa sauti ya kwanza, muuza vitenge, mtu asiyependa kuonekana. "Naitoa kwa pua, mdomo nimefumba. Nikiitoa mimi, wengine wanajipanga kutoka hapo."

"Tangu lini?"

"Pasaka ya mwaka juzi."

"Wote mnajua?"

Kezia alianza kulia. "Noti zako zilikuwa zinapotea. Tuliogopa ukijua utaacha."

Mwalimu Anatoli alikaa kwenye benchi. Nilidhani ndiyo mwisho wake. Wiki zote zile za kutafuta kosa kwa besi, na kifaa alichokitafuta kwa ubishi wake mwenyewe kimemwonyesha kwamba lililopotea ni koo lake, na kwamba watu arobaini walilificha miaka miwili wasimuumize. Mimi ningebeba daftari langu nikaenda nyumbani, na nisingewasalimia mwaka mzima.

Kisha akasimama.

"Niache niende wapi?" akamuuliza Kezia, na alikuwa anauliza kweli. Akamgeukia Mzee Modestus. "Mzee, kawaambie wazee kwamba Anatoli hasikii. Waambie nimesema mwenyewe, mbele ya kwaya, na uwaambie sijaacha. Noti atatoa mwenye masikio. Wimbo naujua mimi, na mikono ni yangu."

Mzee Modestus alifikiri. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. "Nitawaambia," akasema, akarudi kwenye safu ya tena na kufungua daftari lake.

"Kezia, njoo usimame hapa mbele, upande wangu wa kushoto."

Kezia akaja, macho bado yamelowa.

"Si kwa pua," mwalimu akamwambia. "Kwa sauti, wote wasikie, na mimi nikuone mdomo."

Akainua mikono, akamtazama mdomoni, akangoja.