Nne, Siyo Tano

Kitu cha kwanza ambacho kila mgeni wa klabu ya curling, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, alikigundua kwa Wendell Haapala ni kwamba hakuwa akibonyeza kitufe chochote kwa kidole. Hata skrini ikiwa mbele ya pua yake, angezunguka meza yote, akae kwenye kompyuta na kuizima kwa amri ya kuandika. Wengine walicheka. Gord Pelletier, mtunza barafu, alichukia.

Skrini nane za matokeo zilining'inia juu ya njia nane za barafu, na Gord aliapa kwamba zikiachwa zinawaka baada ya mchezo, joto lake linamharibia kazi. Wendell, fundi simu mstaafu, akaandika programu ya kuzizima jioni na kuziwasha saa tatu asubuhi.

Alhamisi jioni zikazimika zote. Ijumaa asubuhi haikuwaka hata moja. Gord alikuwa ameshanyunyiza matone yanayoganda kuwa vipele, ambavyo mawe huteleza juu yake. Ikabidi aburute ngazi katikati ya vipele hivyo, aziwashe skrini kwa mkono moja baada ya nyingine, kisha arudie barafu yote huku akitukana mbele ya timu zilizotoka mji wa Winnipeg kwa mashindano.

Wendell alikipekua kijitabu cha maelezo ya skrini mpaka akaliona kosa lake. Amri namba nne huilaza skrini, lakini sikio lake hubaki kwenye waya, likisubiri amri ya kuwaka. Namba tano huiua kabisa, ikawa kiziwi. Yeye aliandika tano, kwa sababu alitaka kuzima kuwe kuzima. Akabadilisha tarakimu hiyo moja. Jioni skrini zikalala, na papo hapo Colette, mwenyekiti wa klabu, akamnyang'anya ufunguo wa chumba cha kompyuta.

"Hugusi kitu tena. Kesho saa tatu zikiwaka zenyewe, ufunguo unarudi kwako. Zikibaki nyeusi, Gord anaukata waya wa kompyuta yako, na wewe unabaki nyumbani kwako."

Jumamosi, dakika chache kabla ya saa tatu, mashindano yakikaribia kuanza, Gord alisimama mlangoni, kando ya barafu, ngazi begani, koleo ya kukatia waya mkononi, akimkabili Wendell.

"Profesa! Nikate sasa, au nikusubiri ulie kwanza?"

"Toa ngazi yako mlangoni, unazuia watu."

"Watu gani? Waliokuja kutazama giza?"

"Waliokuja kuona mawe yakikwama kwenye barafu yako."

"Mzee, usinichokoze! Njia nane umeniharibia, kwa kidole kimoja!"

"Mimi sikutumia kidole."

Neno hilo lilimtoka Wendell kwa kiburi, na papo hapo likamchoma. Kijitabu kilisema wazi: amri namba tano ni sawasawa na kubonyeza kitufe cha skrini kwa kidole.

"Nyamazeni nyote wawili," Colette alisema. "Imebaki dakika moja."

Wachezaji waliegemea fagio zao za kusugulia barafu, shingo juu. Gord akaifungua koleo. Wendell akaingiza mikono mfukoni na kuikodolea macho skrini ya njia ya kwanza, nyeusi bado, huku mshale wa sekunde wa saa ya ukutani ukipanda kuelekea kumi na mbili.