Mpira Uliolegea

Fundi redio wa Kibiti hazungumzi na mwenye redio, huzungumza na redio. Ikitoka Mbuchi, kule pwani, huinusa kwanza, maana chumvi ya huko hula nyaya kabla mwenyewe hajamaliza kuringa nayo. Skrubu huziweka kwenye kizibo cha soda, na kifaa kibovu hukitia mfuko wa shati. Hakitupi mpaka mwenyewe asikilize, aridhike.

Ndivyo alivyoitengeneza redio kaseti ya Rukaiya, mojawapo ya zile za mtumba zilizojaa madukani tangu biashara ya nje ilipofunguliwa. Ilikuwa ikivuta kanda kwa uchovu. Akatoa mpira mdogo unaozungusha kanda, uliolegea kama lastiki ya gagulo kuukuu, akatia mpya, akafumba macho kusikiliza. Sauti ikatoka safi. Alikuwa Azan, mumewe Rukaiya, aliyetuma kanda ile kutoka Maskati badala ya barua, na huu ni mwaka wa tatu tangu aitume.

Rukaiya alisikiliza mpaka mwisho. "Fundi, huyu ana haraka. Wangu hasemi hivi."

"Ndivyo alivyosema, mama. Mpira ndio uliokuwa ukimchelewesha."

"Mimi nimemzoea yule wa taratibu."

Fundi alifungua tena skrubu zote nne, akatoa mfukoni ule mpira wa zamani, akaurudisha mahali pake. Azan akaanza upya, taratibu, neno baada ya neno, kuahidi kwamba mwezi ujao anarudi.