Doto Aliyekatazwa Kulia

Koleta alizaliwa wa pili, na kwa hiyo hata padri alipommwagia maji na kumpa jina hilo la kanisani, nyumbani, kijijini Choma, alibaki kuwa Doto. Dada yake aliyemtangulia alikuwa Bertila kwa padri na Kulwa kwa dunia nzima. Hakuna aliyeumiza kichwa kuwachagulia majina. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi pacha anayetoka kwanza ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kiume au wa kike, na mjadala umekwisha.

Ukubwani wakaachana njia. Kulwa aliolewa palepale Choma, akalima pamba na kuhangaika na ng'ombe wa mumewe. Doto akaja Tabora mjini, akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali kule Kitete, na akapanga chumba cha uani kwa Bimdogo, mjane wa Kiarabu ambaye mume wake alikuwa na duka la vitambaa hadi duka likafungwa na yeye akafa, yote kwa mwaka mmoja. Bimdogo alikuwa na mdomo. Alimsema Koleta kwa namna anavyofagia, kwa namna anavyopika mlenda, kwa kutoolewa kwake, halafu jioni akamwita wale pamoja. Kila Jumatano mchana, saa ambayo sinema ya Hilali iliwafungulia wanawake peke yao, walikwenda wote wawili, mmoja kwenye buibui na mwingine kwenye khanga zake, na karanga wakazitafuna hadi taa zilipowashwa.

Ndipo ukaja mwaka wa Operesheni, watu walipohamishiwa vijijini. Kijiji cha Kulwa kiliambiwa kihamie uwandani, mahali palipopigwa vigingi vya viwanja lakini hapakuwa na nyumba hata moja. Mvua haikungoja watu waezeke. Kulwa alishikwa na kichomi akiwa kwenye kibanda cha mabua ya mahindi, na habari zilipomfikia Koleta mjini, naye akapanda basi na kisha lori, alikuta kaburi limeshachimbwa.

Kilichomuumiza Koleta zaidi ni kwamba hakulia. Si kwamba hakuwa na machozi, alikatazwa. Katika ukoo wao pacha haliliwi. Wazee walimwambia mapema, kabla hajaweka mzigo wake chini, kwamba pacha akifa huimbiwa nyimbo za mapacha, zile zenye matusi ya kuchekesha, na huchezewa ngoma kama siku aliyozaliwa. Doto akidondosha chozi, Kulwa atasikia anaitwa, atageuka njiani, na atarudi kumchukua mwenzake. Mama yao, Minza, alikatazwa vilevile. Basi mama na mwana walisimama kando ya udongo mbichi wakaimba matusi, midomo ikienda na macho makavu, na Koleta aliporudi Tabora alikuwa hajamtazama mama yake usoni hata mara moja. Na Minza, kwa upande wake, angewezaje kumtazama? Uso ulikuwa uleule aliotoka kuuzika.

Mwaka ukapita hivyo. Koleta alifua, akaanika, akakunja. Lakini ugali ulimkwama kooni hadi ausukume kwa maji, na kifua kilimbana hata muuguzi mmoja wa pale kazini akamsikiliza kwa chombo na kusema hasikii ugonjwa wowote. Bimdogo aliyaona yote hayo. Mwisho akamuuliza, na Koleta akamweleza. Bimdogo alisema kwao ni haramu kupiga makelele ya msiba na kujichania nguo, ila chozi ni rehema, halikatazwi. Koleta akamjibu kwamba kwao makelele yote ruksa, kilichokatazwa ni hilo chozi lenyewe. Wakabaki wanatazamana, kila mmoja akiona dini ya mwenzake imekaa upande.

Sasa Hilali, mwenye sinema, akaletewa kwa treni filamu mbili za kutisha kwa mpigo, na zote mbili zilikuwa filamu moja. Ile ya zamani ilikuwa ya Kihindi, nyeusi na nyeupe: mwanamke aliyetumbukia kisimani akafa, na nyumba yake inayoendelea kumsikia. Ya pili ilikuwa hadithi hiyohiyo, imetengenezwa upya na watu wengine, kwa rangi, na damu ya kutosha. Wanawake wa mjini hawakuhangaika kutafuta maneno ya kitaalamu. Ya zamani wakaiita Kulwa, na ile mpya wakaiita Doto.

Hilali alisema Jumatano ile ataonyesha moja tu, wachague wenyewe. Basi ikawa zogo visimani, sokoni na kwenye foleni ya sukari. Vijana walitaka Doto, kwa sababu wanaume walioiona Mwanza walisema maiti hutoka kisimani meno nje, na mwanamume mmoja alizimia. Wakubwa walitaka Kulwa. Bimdogo aliiona akiwa bi harusi, na alieleza kwamba ndani yake maiti haonekani hata kidogo. Kinachoonekana ni nyayo za maji barazani kila asubuhi, na mama wa marehemu anayepiga magoti kuzifuta kabla baba hajaamka. Watu wa Doto wakauliza, sasa cha kutisha kiko wapi? Bimdogo akasema hakuna aliyeogopa siku ile. Ukumbi mzima ulilia.

Neno hilo lilimwingia Koleta kama mwiba. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kuketi gizani katikati ya watu wanaolia. Aliwaza sana, mikono ikiwa ndani ya sabuni. Filamu ya Kulwa ingemliza, alilijua hilo bila kuiona. Lakini je, chozi la sinema ni chozi la nani? Angeweza kuwaambia wazee kwamba alimlilia mwanamke wa Kihindi asiyemjua, na pengine wazee wangekubali. Kulwa je, angekubali? Akisikia, akageuka, akamchukua, mama Minza angebaki na nani? Kwa hiyo usiku na mchana alikuwa kati ya mambo mawili, kifua chake na mama yake, na mwisho akakata shauri kwa ajili ya mama yake. Uani, mbele ya majirani waliokuja kupiga kura ya midomo, alisema yeye anataka Doto. Wanawake wakacheka kwamba damu nzito, Doto kamchagua Doto. Bimdogo hakucheka. Kura zikaenda kwa Doto.

Hilali akamwagiza fundi wake, Twalibu, aliyeendesha mashine ya picha, kwamba Jumatano wanawake wanataka Doto. Na hapa lazima niseme kuhusu Twalibu. Alikuwa mtu mwema, mzaliwa wa mjini, lakini mapacha aliowafahamu maishani mwake walikuwa wawili tu, watoto wa jirani yake, na kati yao Doto ndiye aliyejaa mwili, mwenye amri, anayemtuma mwenzake maji. Miaka yote Twalibu aliamini Doto ndiye mkubwa. Alipoambiwa Doto, akapakia filamu ya zamani, na wala moyo haukumdunda.

Picha ilipotokea nyeusi na nyeupe, ukumbi ukanung'unika. Mmoja akapanda juu ya kiti kumgombeza Twalibu, naye akatoa kichwa kwenye kidirisha chake akasema kwa upole kwamba huyo ndiye Doto waliyemtaka, yule mkubwa. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Kubadilisha kungewachelewesha, na onyesho la wanaume lilikuwa linangoja, basi wakasema potelea mbali, watazame.

Koleta alikuwa ameshasimama. Bimdogo akaushika upindo wa khanga yake.

"Kaa," alisema.

"Bimdogo, hii siiwezi. Unajua kwa nini."

"Najua. Kaa hivyohivyo."

Akakaa. Aliamua kutazama miguu yake hadi mwisho, na kwa muda mrefu alifaulu. Lakini filamu ile haikuwa na muziki mwingi. Ilifika mahali ukumbi ukawa kimya kabisa, ikasikika sauti ya kitambaa tu, kinasugua sakafu, kinasugua, kinasugua. Koleta aliijua sauti hiyo. Mikono yake ilifanya kazi hiyohiyo kila siku ya Mungu. Akainua macho. Mama wa Kihindi alikuwa amepiga magoti barazani, ameshafuta nyayo zote, imebaki moja. Anaitazama. Hataki kuifuta. Kwani alijua, akishaifuta, mwanawe atakuwa amekufa kwa siku nyingine nzima.

Kitu kikapasuka kifuani mwa Koleta. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kulia kwa sinema, na walioketi mstari wa mbele waligeuka. Akajiziba mdomo kwa viganja viwili, haikusaidia. Hapo Bimdogo akafungua buibui lake upande mmoja, akamfunika mwenzake mzima, kichwa na mabega, akamkandamiza ubavuni. Kisha akapaza sauti, si kwa ukumbi, ni kwa mahali fulani juu ya ukumbi:

"Anayelia hapa ni mimi, Bimdogo. Kama kuna anayesikiliza, asikie vizuri. Huyu amenyamaza. Ninayelia ni mimi."

Koleta alilia ndani ya buibui hilo mpaka filamu ikaisha na taa zikawaka, na Bimdogo hakuliondoa. Wanawake walipita pembeni yao polepole.

Usidhani aliamka kesho yake akiwa mwepesi. Aliamka na hofu kwamba Kulwa, akimkosa yeye chini ya buibui, angemchukua mama yao. Kila mbwa aliyebweka alimshtua, na kila aliyekuja kutoka upande wa Nzega na Igunga alimwuliza kama Choma kuna msiba. Mwisho akaomba ruhusa kazini, akapanda basi kwenda kumtazama mama yake kama yu hai.

Minza alikuwa hai, ameketi mbele ya nyumba mpya ya matofali mabichi, anapukuchua mahindi. Koleta alimwamkia kwa Kisukuma, akakaa chini, akashika hindi, na kabla halijaisha punje alikuwa amekiri yote: filamu, nyayo, chozi, buibui, na maneno ya Bimdogo. Alisubiri kulaumiwa.

"Kwa hiyo huko waliko walihesabu kwamba kalia Bimdogo," mama yake alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na hajakurudia Kulwa?"

"Hajarudi."

Minza akamwaga mahindi kwenye ungo. Punje nyingine zikaanguka vumbini na kuku wakazikimbilia.

"Mshukuru sana huyo mwanamke," alisema. "Mimi hapa wametukusanya ukoo wote mahali pamoja, mlango kwa mlango. Zamani nyumba zilikuwa mbali, ningekwenda shambani nikamaliza shida yangu. Sasa hata nikikohoa wananisikia. Mimi atanifunika nani, Doto?"

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa anamtazama binti yake usoni, na Koleta hakuvumilia. Aliwaambia wazee kwamba mama anakwenda naye Tabora kutazamwa kifua hospitalini, jambo ambalo si uongo mtupu, na wakapanda basi pamoja.

Jumatano iliyofuata Hilali alikuwa anaonyesha ile mpya, ya rangi. Twalibu alikuwa ameshafundishwa ukubwa wa mapacha na kila mwanamke aliyepita dirishani kwake, hata akaapa hatakosea tena. Minza hakuwahi kuona sinema. Walimkalisha katikati, Bimdogo kulia, Koleta kushoto, na Bimdogo alikuwa amelilegeza buibui tayari.

Halikuhitajika. Maiti alipotoka kisimani, meno nje na damu ikimchuruzika, ukumbi wote ulipiga yowe moja. Watoto wakang'ang'ania mama zao, viti vikalia, mmoja akakimbia mpaka mlangoni. Hakuna mtu duniani ambaye angetofautisha yowe la hofu na kilio cha msiba. Na katikati ya yowe hilo Minza alifungua kinywa chake akalia kwa sauti yake yote, mwaka mzima kwa mara moja, mikono kichwani, mwili ukienda mbele na nyuma. Kila ukumbi ulipotulia alijikaza akashika pumzi, na maiti aliporudi naye akaendelea. Koleta alimshika mkono mmoja na Bimdogo wa pili. Hawakumtazama.

Nje jua lilikuwa kali. Wanawake walisimama kivulini wakitia chumvi, nani alitaka kuzimia, nani alimrukia nani mapajani. Binti mmoja, mchangamfu, akaona macho mekundu ya mgeni akamsogelea kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Pole. Yule wa kisimani kakutisha sana, eh?"

"Marahaba, mwanangu," Minza akasema. "Wala sikumwona. Nilikuwa namlilia mwanangu Kulwa. Alikufa mvuani."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, mchana kweupe, mbele ya watu wote, bila kufunikwa na nguo ya mtu.